Kidude Chekundu Nyuma ya Kompyuta ya Bibi

Ukisoma hii halafu ukaanza kujiuliza mjinga ni nani, usijisumbue kutafuta. Ni mimi. Wamo watu wengine humu ndani, ila wote wana akili zao timamu, mpaka kuku. Kwa muda mrefu nimekuwa naisimulia nusu tu, ile nusu ninayotokea vizuri. Sasa ile nyingine imeanza kusimuliwa na watu pale sokoni, na wanatia chumvi, kwa hiyo bora niimwage yote mwenyewe.

Mimi ni fundi. Darasa la saba nilimaliza, na mwalimu mkuu alifurahi kuliko mimi. Meza yangu iko Tabora mjini, barabara ya kwenda stesheni. Natengeneza simu, redio, sabufa, pasi, chochote chenye waya. Kibao nilikiandika kwa mkono wangu: FUNDI SIMU, REDIO NA KOMPYUTA. Hilo neno la mwisho nililiongeza kwa sababu ubao ulibaki na nafasi.

Hiyo nafasi ndiyo iliyoniponza. Jumanne moja mchana akaja jamaa mmoja anayeuza asali upande wa pili wa soko. Mtu mzima, miaka arobaini imeshampita, mpole, anatembea kama anaogopa kuumiza barabara. Akakisoma kibao changu kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kama hakimu.

"Na kompyuta unatengeneza kweli?"

"Kaka, kompyuta si redio yenye kioo?"

Mtu mwingine angeondoka palepale. Huyu akavuta kigoda akakaa.

"Ipo kompyuta ya marehemu baba," akasema. "Ya zamani sana. Haiwaki tangu masika. Na Jumamosi wazee wanatoka Nzega. Wakifika haijawaka, mimi sioi tena, dogo. Ndiyo basi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ikabidi nifunge meza nimsikilize.

Stori yake iko hivi. Babu wa baba yake alikuwa mpagazi, wale waliokuwa wanabeba mizigo kwa miguu kutoka huku kwetu mpaka pwani na kurudi, enzi za misafara. Mzee alikuwa na mabega imara na moyo mlaini. Kila kambi waliyolala, aliacha mke. Usoke mke. Nzega mke. Ugogo wake wawili, kwa sababu kule maji yalikuwa ya shida na msafara ulikaa sana. Kwa hiyo huyu muuza asali ana ndugu kila mahali palipowahi kupita mzigo. Mara mbili kapata mchumba, mara mbili ikagundulika ni binamu. Ya kwanza iligundulika mapema. Ya pili, pilau lilikuwa limeshatoka jikoni.

Sasa kampata dada mmoja wa Nzega, mshona nguo, wamependana. Lakini wazee wa yule dada ni watu wa mila, damu moja hawataki hata kwa kunusa. Na wao wanakumbuka kwamba babu wa babu yao aliingia Nzega akiwa na yule mpagazi, bega kwa bega. Alikuwa mwanawe? Mdogo wake? Rafiki tu? Hakuna anayejua. Anayejua ni kompyuta. Marehemu baba yake, aliyekuwa karani wa reli, baada ya kustaafu aliandika humo orodha ya ukoo mzima, kambi kwa kambi. Aliwahi kuichapa kwenye karatasi, mchwa wakaila.

"Kwa hiyo wanakuja Jumamosi kuisoma?" nikauliza.

"Wanakuja kuisoma."

"Kaka," nikamwambia, nikajipiga kifua, "wewe nenda kapime suti."

*

Kompyuta yenyewe haikuruhusiwa kutoka nyumbani, mama yake alikataa. Ikabidi niende kwao Isevya mwenyewe na mkoba wangu wa bisibisi. Nikamkuta huyo mama yake, bibi kabisa, barazani anapepeta mchele. Mwembamba, miwani mikubwa, khanga mbili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi. Kwetu Usoke."

Akaweka ungo chini. Uso ukamfunguka kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Mnyamwezi! Na mimi Mzaramo! Mchukuzi wangu kaja kwa miguu yake mwenyewe! Mzigo umeutua wapi?"

Kwa asiyejua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu hiyo misafara. Babu zetu walifika pwani wamechoka, Wazaramo wakawapokea, na kuanzia hapo tunatukanana kwa raha mpaka leo. Mtani wako anaweza kukwambia lolote, anaweza kukunyang'anya kitu chako mchana kweupe, na wewe ukinuna ndiye mwenye kosa. Bibi huyu aliolewa Tabora miaka mingi, mumewe na watoto wake ni watu wa hukuhuku, kwa hiyo watani kawazunguka nyumba nzima. Lakini mtani mpya ni mtani mpya.

"Mzigo nimeutua njiani, bibi," nikamjibu. "Nimesikia hapa kuna Mzaramo anagawiwa bure."

"Utanibeba na nini? Hiyo mifupa? Vua viatu."

Nikavua, nikadhani ni adabu ya kuingia ndani. Akaviokota, raba zangu nyeupe, za pekee, akaenda kuzifungia kabatini, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya khanga.

"Mashine ikiwaka utazipata. Isipowaka nitapandia mchicha."

Nikabaki na kandambili zake za maua. Zilinifika nusu ya unyayo.

Basi kuanzia hapo yule bibi hakupumzika. Nikitaka kukaa: "Kiti hicho usikalie, marehemu anakirudia kila saa nane mchana." Nikaruka, nikatazama saa, saa nane kasoro. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaleta chai: "Koroga vizuri, sumu huwa inakaa chini." Juu ya pazia alikuwepo mjusi, akaniambia huyo ni mkwe wake, kwao mgeni asiyemsalimia mkwe anavimba miguu. Nilimsalimia. Sijui kwa nini, lakini nilimsalimia.

Mwanawe alikuwa amekaa pembeni, anasugua magoti. "Mama, muache afanye kazi."

"Kwani nimemshika? Mnyamwezi asipotukanwa hatembei."

Kompyuta ilikuwa juu ya meza, imefunikwa vitambaa vitatu vya kufuma. Nikavitoa. Jamani. Kioo chake kina mgongo kama ng'ombe. Boksi lake lilikuwa jeupe zamani, sasa limegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Nikabonyeza tena, nikasikiliza kwa sikio kama daktari. Kimya.

"Amekufa?" akauliza muuza asali.

"Amezimia," nikasema.

Nikafungua skrubu. Ndani kulikuwa na vumbi la kupanda mahindi, mayai mawili ya mjusi, na mende aliyekufa siku nyingi akiwa amekaa vizuri. Halafu nikasikia harufu kama ya dagaa waliolala. Harufu hiyo naijua, hata kwenye redio za zamani ipo. Nikaifuata mpaka kwenye kile kiboksi cha chuma cha nyuma, kinaitwa pawa saplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani na kuupunguza ili mashine isiungue. Nikakifungua nacho. Ndani mna vipipa vidogo vinaitwa kapasita. Vinne vilikuwa vimevimba vichwa na vinatoa uji wa kahawia.

Hapo nilifurahi sana, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza siku hiyo nilijua ninachokisema.

"Ugonjwa tumeuona. Pawa saplai imekufa. Orodha yenu iko kwenye diski, huku, haijaguswa."

"Si uitoe hiyo diski tuipeleke kwenye mashine nyingine?" akasema muuza asali.

Swali zuri, na mimi nikalijibu vizuri. Nikamwonesha ule mkanda wa diski, mpana kama mkanda wa suruali ya babu, nyaya arobaini. "Mashine za siku hizi hazina pa kuchomeka kitu kama hiki, kaka. Tunatafuta pawa saplai nyingine, tunabadilisha, Jumamosi unaoa."

"Jumamosi siyo ndoa," akasema. "Jumamosi ni kusoma."

"Ni kitu kilekile."

*

Jumatano asubuhi nikazunguka mjini. Madukani pawa saplai zipo, ila mpya, mdomo wake mkubwa kuliko tundu la mashine ya bibi. Mwisho nikaenda nyuma ya soko kwa mzee mmoja fundi, mtu wa mjini wa siku nyingi, ambaye nyumba yake imejaa kompyuta za ofisi zilizokufa. Kibodi kazipanga ukutani kama matofali. Akachimbachimba, akatoa pawa saplai moja kutoka chini kabisa.

"Hii ilikuja kwenye kontena la mitumba," akasema. "Nadhani nzima."

"Unadhani?"

"Umeme umekatika. Umeme ukirudi tutajua."

Mtu mwenye busara angesubiri umeme urudi. Mimi nikaifunga kwenye mfuko nikaenda Isevya, na kandambili zangu za maua, watu wa sokoni wananipigia miluzi.

Kule kwa bibi umeme ulikuwepo. Nikaipachika pawa saplai, nikachomeka nyaya zote, nikakaza skrubu. Nilifanya safi kabisa, kwa kweli. Bibi alisimama nyuma yangu, kashika kikombe. Siku hiyo alikuwa ameshaniambia kwamba nyanya zilizo dirishani zinauma, na kwamba choo chao mgeni anaingia kinyumenyume.

Nikashika plagi.

"We mchukuzi," akasema, "hapo nyuma pana kidude chekundu. Kisogeze kwanza. Usipokisogeza italipuka."

Nikageuka nikamtazama. Uso mkavu, uleule wa kwenye kiti na sumu na mjusi.

"Sawa bibi," nikasema. "Na nikikisogeza atatoka marehemu?"

"Nakwambia kisogeze. Mume wangu alikuwa anakiangalia kwanza. Hata kwenye ile ya zamani alikibandika plasta kisiguswe."

"Labda kilikuwa kinamuuma, kama nyanya."

Muuza asali akasema, "Fundi, labda..."

"Kaka, huyu mtani wangu. Ukimsikiliza Mzaramo utafika pwani huna nguo."

Nikachomeka.

Sijui nikuelezeje. Kwanza ulitoka mlio, PA! kama gurudumu la lori limepasuka sebuleni. Halafu mwanga wa bluu. Halafu moshi, mweupe, mzito, wa harufu ya kwato zilizoungua. Umeme wa nyumba nzima ukakatika. Nilipopata fahamu nilikuwa uani, kandambili moja mguuni, nimekaa ndani ya beseni la mchele uliolowekwa, na kuku wananitazama. Njia niliyopita kufika pale siikumbuki. Watu waliokuwepo wanasema nilipita dirishani. Nyanya zilikuwa chini.

Majirani wakajaa. Mmoja kaja na ndoo ya mchanga, mwingine anapiga kelele, "Mtungi wa gesi! Mtungi wa gesi!" Katikati ya moshi akatoka muuza asali, macho mekundu, kashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ameungua," anasema. "Mke wangu ameungua."

"Mke gani?" wakashtuka majirani. "Kuna mtu ndani?"

"Yumo kwenye diski!"

Ilituchukua muda kuwaeleza.

Bibi alitoka wa mwisho, anajipepea, kikombe bado kiko mkononi na chai haijamwagika. Nilijua sasa natukanwa matusi ya kweli. Akaja akasimama mbele ya beseni.

"Nilikwambia."

"Nilidhani utani, bibi."

"Mambo ya umeme nikutanie mimi? Nina wazimu?"

"Sasa mimi ningejuaje? Sura yako ya utani na ya kweli ni moja!"

Akafikiri. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Akavua miwani akaifuta kwa khanga.

"Haya," akasema. "Kuanzia leo, nikivua miwani, nasema kweli. Nikiivaa, shauri lako." Halafu, miwani bado iko mkononi: "Una yai limepasukia makalioni."

Nikapapasa. Kweli lilikuwepo.

*

Kile kidude chekundu, baadaye yule mzee wa nyuma ya soko alinieleza, ni cha kuchagua umeme. Kuna nchi umeme wao ni nusu ya huu wetu. Pawa saplai ikitoka huko, kidude kinakuwa upande wa kule, na ukiichomeka huku bila kukigeuza ni kama kumnywesha mtoto mchanga ndoo nzima.

"Kila mtu anajua hicho," akaniambia yule mzee.

"Hata bibi yangu anajua," nikamwambia.

Nyingine hakuwa nayo. Ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Alhamisi yote nilizunguka, nikauliza kila mwenye karakana, nikapiga simu Nzega, hakuna. Meza sikuifungua. Kila nikipita mbele ya kibanda cha asali, yule jamaa ananyanyua macho tu, anafuta chupa ambayo ameshaifuta. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mara mbili kakosa kwa sababu ya damu, mara hii akose kwa sababu ya mdomo wangu.

Na bado hatukujua kama diski yenyewe imepona.

Ijumaa asubuhi nikarudi Isevya, kwa aibu tu, nikakaa chini na zile pawa saplai mbili mbele yangu, ya marehemu na ya mlipuko. Nikazifungua zote. Nikawa nazitazama kama mtu anayetazama wagonjwa wawili. Hii ya mlipuko imeungua upande wa kuingilia umeme, pamekuwa mkaa mtupu. Lakini upande wa kutokea, vile vipipa vyake, kapasita, vilikuwa vizima, vinang'aa. Na ile ya marehemu upande wa kuingilia ni mzima, ilichooza ni vipipa vinne vya kutokea.

Nikapiga kelele, bibi akadhani nimechomeka tena.

"Bibi! Mmoja ana moyo mzima, mwingine ana miguu mizima!"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakata miguu!"

Hiyo sasa ndiyo kazi yangu. Kompyuta siijui, lakini kutoa kipande kwenye redio moja nikakipachika nyingine, hata nikiwa nimesinzia. Kwanza nikayamaliza umeme kwa bisibisi mapipa makubwa mawili ya upande wa kuingilia, maana yanatunza umeme hata ukichomoa, yanasubiri mjinga. Yalishanisubiri sana wiki hiyo. Nikapasha pasi ya kuyeyushia risasi kwenye umeme wa jirani wakati muuza asali anabadilisha fyuzi ya nyumba. Nikatoa vile vinne vibovu, nikasafisha ule uji, nikatoa vinne vizima, nikaangalia upande wa hasi na upande wa chanya mara tatu tatu, nikapachika.

Nilipomaliza, nilikiangalia kile kidude chekundu cha ile ya zamani. Plasta ya marehemu bado ipo, imekuwa nyeusi, chini yake kidude kiko upande wa umeme wetu. Nikakiangalia tena. Nikamwita muuza asali naye akiangalie. Nikamwita bibi.

Akavua miwani.

"Sikiliza mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa nyingine. "Mume wangu alikaa miaka sita na hiyo orodha. Alikuwa anapanda treni anashuka stesheni ndogondogo, anauliza wazee, anarudi na viatu vimejaa vumbi, anaandika kwa kidole kimoja. Aliniambia, hawa watoto wetu wasije wakaoana kwa kutojua. Huyu wa mwisho alikuwa hata hajafikiria kuoa. Sasa kafikiria. Chomeka taratibu."

Kama plagi inachomekwa taratibu, mimi sijui, lakini nilichomeka taratibu.

Haikulipuka. Nikabonyeza kitufe. Feni ikakohoa, ikakwama, ikazunguka. Ikalia "piip" moja. Kwenye kioo yakatokea maandishi ya Kiingereza na tarehe ya ajabu, mwaka ambao mama yangu alikuwa bado anasoma shule. Betri ya saa yake ilikufa zamani. Nikabonyeza nilichobonyeza. Diski ikaanza kukwaruza ndani, krrr, krrr, kama panya kwenye gunia la karanga, na kila ikikwaruza muuza asali anashika mkono wangu. Tulikaa hivyo dakika nne. Halafu ikafunguka. Orodha ilikuwepo.

Yule mtu mzima alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya choo. Alirudi baadaye, uso umenawa.

Bibi alivaa miwani, akafungua kabati, akanirushia raba zangu. "Chukua, zinanuka. Mchicha umekataa."

*

Jumamosi wazee wa Nzega wakafika watano, kanzu wawili, suti watatu, fimbo wote. Waliletwa na lori dogo, na nyuma alikuwepo yule dada mshona nguo mwenyewe, kaja kumshika mkono shangazi yake ambaye macho hayaoni vizuri. Mashine haiwezi kuhamishwa, kwa hiyo wote wakajazana sebuleni kuizunguka kama wanatazama mpira. Yule dada hakupata kiti, akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Bibi akasema msomaji ni mimi, kwa sababu ikizima nife nayo.

Nikasoma. Mimi nikisoma kwa sauti nasoma kama napanda mlima, lakini nilisoma. Mkono mmoja nimeuweka juu ya boksi kusikiliza kama vile vipipa vyangu vinachemka. Marehemu aliandika kikarani hasa: kambi, mke, watoto, watoto wa watoto. Usoke, mke mmoja, watoto wanne. Kambi ya mtoni, mke mmoja, watoto wawili. Ugogo, wake wawili.

"Huyo alikuwa habebi pembe za ndovu," akasema bibi. "Alikuwa anabeba mahari."

Wazee wakacheka, fimbo zikagonga sakafu. Muuza asali hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha marehemu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Nzega," nikasoma.

Shangazi akainua kichwa.

"Mke mmoja. Watoto watatu." Nikasoma jina la kwanza. La pili. La tatu. Babu wa babu yao hayumo.

"Rudia," akasema mzee mkubwa wao.

Nikarudia. Hayumo.

"Hayumo kwa watoto. Na kwa ndugu?"

Nikashuka chini, mashine inakwaruza, krrr, ukurasa unakuja kama hautaki. Mwisho kabisa marehemu aliweka sehemu ya watu wengine wa msafara. Jina likatokea.

"Huyu wa Nzega," nikasoma, "alikuwa mpishi wa msafara. Nimewauliza wazee wanne, wote wamesema hivyo. Si wetu kwa damu, ila alikula kwetu."

Yule mzee mkubwa akasimama kwa fimbo yake, amekasirika kabisa.

"Alikula kwenu? Alikula kwenu vipi? Mpishi nani? Yeye ndiye aliyewalisha nyinyi!"

"Ndiyo maana babu yetu alifika kila kambi anatafuta mke," akajibu bibi. "Chakula cha mpishi wenu kilimshinda."

Pakawa hapatoshi. Wazee wanacheka, shangazi anapiga vigelegele, muuza asali anapeana mikono na kila mtu mpaka akanipa mkono mimi mara tatu. Mahari ikaanza kuzungumzwa palepale. Mimi nikaizima mashine kwa adabu zote na kukaa pembeni na sahani ya pilau.

Jioni wakati wanapanda gari, yule dada alirudi ndani kuchukua mkoba wa shangazi. Alinikuta nafunika kompyuta vitambaa vyake.

"Fundi," akaniita chinichini. "Lile jina ungelikuta kwa watoto, ungelisoma?"

"Ningekohoa, shemeji," nikamwambia. "Ningekohoa mpaka nifike ukurasa mwingine."

Akanitazama, hata tabasamu hakutoa.

"Usingefika. Unadhani nilikaa sakafuni kwa kukosa kiti? Pale ndipo ilipo soketi. Nilikuwa nimeishika plagi tangu uliposema Nzega."